Laiki za Kinshasa Hazinunui Mchele wa Kasongo

Kijana akifungua biashara Kasongo leo, ushauri wa kwanza anaopewa ni huu: fungua ukurasa wa Facebook, weka picha za bidhaa, mtandao ni matangazo ya bure. Anapewa kwenye semina za ujasiriamali, anapewa na binamu yake aliyeko Goma, na Kabambare nako umeshafika. Ni ushauri mbaya. Unawaumiza watu wasio na cha kupoteza, na anayeutoa haulizwi hasara hata siku moja.

Bure gani? Simu lazima ichajiwe, kwa sola ya nyumbani au kwa kulipa kibandani. Mega zinanunuliwa kabla hujaandika neno, na picha kumi za magunia ya mchele zitazimaliza kabla mtu hajauliza bei. Nani amesahau kodi ya RAM? Kuanzia Septemba 2020 hadi mapema 2022 serikali ilikuwa inakata yuniti kwenye simu zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G, mpaka kelele za wananchi zikaiondoa. Yaani mwenye simu ya kutangazia biashara mtandaoni ndiye aliyekamuliwa mara saba.

Facebook wenyewe hawakuficha kitu. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba habari za ndugu na marafiki zitatangulizwa mbele ya zile za kurasa za biashara. Ukitaka ukurasa wako uonekane sana, lipia, na kwa kawaida malipo hayo yanataka kadi ya benki. Mama anayeuza mawese sokoni Kasongo ana M-Pesa. Kadi aitoe wapi? Atamtafuta kijana mwenye kadi, na kijana naye ataweka chake juu.

Tuseme basi picha imeonekana. Imeonwa na nani? Mwana wa Kasongo aliyeko Kinshasa anaweka moyo mwekundu, aliyeko Brussels anaandika kwamba amekumbuka nyumbani, na wengine thelathini wanapiga makofi. Hakuna hata mmoja wao atakayenunua kopo la mchele. Wanaonunua ni mfanyabiashara anayepeleka mzigo Kindu, mwenye mgahawa anayepikia wachimbaji wa dhahabu Salamabila, na wale wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa bidoni za mawese. Ni watu wachache, wanajulikana kwa majina, na wengi wao hawana muda wa kupekua kurasa.

Eneo hili lilijua kuita watu sokoni kabla ya simu kuwepo. Livingstone alipokaa Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871, alistaajabia soko lililojaa wanawake waliokuja na mizigo yao, wengi wao kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya mto. Hakuna aliyewapelekea tangazo. Walijua siku, walijua mahali, na walijua watamkuta nani, hadi tarehe 15 Julai watu wa misafara walipofyatua bunduki pale pale sokoni na mamia wakafa. Mtu hutembea na mzigo kichwani kwa sababu ana uhakika, na uhakika huo ndio kurasa zetu za Facebook zinaouvunja kila siku.

Zinauvunja kwa maneno matatu: "bei njoo inboksi". Sijui ni nani aliyewafundisha vijana wetu tabia hii. Mtu yuko Kabambare, mtandao umeshika kwa dakika chache, amebakiza mega za kuhesabu. Halafu unamwambia aandike, asubiri, aulize tena, ndipo umtajie bei. Atadhani unaipima mifuko yake kwanza, na hatakosea. Andika bei. Ikibadilika kesho, andika mpya.

Simaanishi tuzime simu. Simu hiyo hiyo ina kifaa ambacho semina hukipita kwa dakika mbili: orodha ya matangazo ya WhatsApp. Unatuma ujumbe mmoja, unawafikia watu hadi 256, kila mmoja kwake. Ina sharti moja: haumfikii asiyehifadhi namba yako. Ndiyo maana kazi yenyewe inafanyika sokoni, ana kwa ana. Mteja akishalipa, unamwomba simu yake, unahifadhi namba yako pamoja na jina la bidhaa, unamrudishia. Kisha usimtumie picha. Mtumie sauti: "Mama, mchele mpya umeingia, bei ya kopo ni ile ya wiki iliyopita, motari anaondoka Alhamisi asubuhi." Sekunde kumi na tano, Kiswahili cha nyumbani, na hata asiyejua kusoma anaelewa. Mvua ikikata barabara, sema imekata. Anayetangaza kwamba mzigo upo huku lori limekwama matopeni ameshamuuza mteja wake kwa jirani.

Nitajibiwa kwamba Goma waliweza. Waliweza, kabla ya mji kutekwa Januari 2025, wakati motari alikufikishia viatu mlangoni saa ile ile, na benki zilikuwa wazi. Nguo zinazoagizwa asubuhi na kuvaliwa jioni zinaweza kutangazwa kwa mgeni yeyote. Gunia linalotoka Kasongo kwenda Salamabila linalala njiani, linapita vizuizi, na mara nyingi linakwenda kwa mkopo hadi mnunuzi auze. Mzigo wa namna hiyo humpi mtu uliyekutana naye kwenye laiki.

Kwa hiyo mkufunzi atakayekuja tena na projekta yake aache kuhesabu wafuasi. Kwenye ripoti anayowapelekea wafadhili aandike bidoni ngapi zimenunuliwa na watu ambao mwezi uliopita hawakuwa wateja, na mega zilizotumika ziligharimu faranga ngapi. Asipokuwa na hesabu hizo mbili, washiriki wamdai nauli yao.