Walipeni Wanafunzi wa Fizikia!

Ndugu yangu wa Bunia, bado umelala? Mwanao yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, upande wa sayansi. Sheria ya Ohm anaikariri vizuri sana, lakini waya hajaushika. Mtihani wa serikali utamkuta hivyohivyo. Na wewe unaona ni kawaida!

Nani anamfundisha? Mara nyingi ni kijana wa chuo aliye kwenye staji. Anaandaa somo usiku, anasahihisha madaftari, anakwenda kwa mguu hadi shule ya mbali kwa kuwa pesa ya pikipiki hana. Elimu ya bure ya 2019 iliishia shule ya msingi, kwa hiyo sekondari wazazi bado tunachanga primu ya walimu. Yeye anapata nini? Asante. Asante hailipi minervali ya chuo. Asante haipangishi chumba.

Mkono mtupu haulambwi. Kijana akiacha chuo na kushuka machimboni Mongbwalu, tunashangaa nini? Tumemfukuza sisi wenyewe, kisha tunalia kwamba shule hazina mwalimu wa fizikia!

Na utafiti? Kinu cha kwanza cha nyuklia Afrika kiliwashwa Kinshasa, mwaka 1959. Urani ya Shinkolobwe iliingia katika bomu la Hiroshima. Madini yalitoka kwetu, fizikia wakafanya wengine. Huko Marekani, tangu 1987, mfuko wa sayansi wa serikali unawalipa wanafunzi wa lisansi waingie maabara wafanye utafiti. Hapa kijana anajitafutia mwenyewe vifaa, nauli na pesa ya kuchapisha kazi yake ya mwisho.

Utaniambia utafiti ni anasa. Waulize watu wa Goma! Msaada wa Benki ya Dunia kwa kituo kinachochunguza volkano ulikwisha 2020, na wachunguzi wakakaa miezi bila intaneti ya kupokea habari za mlima. Tarehe 22 Mei 2021 mlima huo, Nyiragongo, ukalipuka, mji haukuonywa. Watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi intaneti ingeuzuia mlima. Nasema asiyemlipa mlinzi asitegemee kuamshwa.

Wala msiniambie habari ya vita. Vita vimetuumiza, vimetuzika, lakini primu bado inakusanywa. Pesa ya kuchanga ipo. Stajieri hayumo kwenye hesabu, basi.

Aingizwe! Kamati za wazazi zitenge fungu lake, hata la nauli kwanza. Chuo kinachomweka mwanafunzi wa mwaka wa tatu kuongoza mazoezi ya wadogo zake kimlipe kwa saa. Wizara ya Elimu ya Juu iweke pesa ya utafiti ya wanafunzi wa lisansi, na pesa hiyo ifike Ituri, isiishie Kinshasa.

Nawe mzazi, kwenye mkutano ujao wa shule usikae kimya. Simama uulize mbele ya watu wote: huyu kijana anayefundisha watoto wetu fizikia, analipwa ngapi?