Maoni Yetu: Kadi ya NIDA itoshe Horohoro

Ukisimama ukingoni pale Mtae, nyika yote ya chini iko wazi mbele yako: Mkomazi, na ng'ambo yake ni Kenya. Mto Umba unachimbuka kwenye milima hii hii ya Usambara na kumwaga maji yake baharini Vanga, upande wa Kenya. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi zetu, mpaka wao ulianzia kwenye mlango wa mto huo.

Sasa mchukue mfanyabiashara wa Lukozi anayetaka kufuata karoti zake hadi Mombasa, aone mwenyewe zinauzwaje badala ya kusubiri simu ya dalali. Kenya haimdai viza, kwani ni raia wa Afrika Mashariki. Inamdai pasipoti au hati ya dharura. Basi anateremka Lushoto, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza, hadi ofisi ya Uhamiaji Tanga. Pasipoti ni shilingi 150,000, nauli na siku za shamba hujazihesabu. Kitambulisho chake cha taifa cha NIDA, chenye picha yake na kilichotolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole, kiko mfukoni safari nzima na hakimsaidii kitu.

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014. Sisi tulikaa pembeni. Tunasema muda wa kukaa pembeni umekwisha: Dodoma iafikiane na Nairobi, kadi ya NIDA itoshe kumvusha Mtanzania kwenye vituo vya mpakani vya Horohoro, Holili na Namanga, na ya Mkenya imlete kwetu vivyo hivyo. Mwaka 2027 nchi hizi na Uganda zinaandaa AFCON pamoja, na washabiki hawatauliza mechi iko nchi gani.

Wanaosita wana hoja. Wanahofia ardhi, wanahofia ajira, na kadi zenyewe hazijamfikia kila mtu. Lakini mwenye fedha za kujipatia ardhi kwa mlango wa nyuma hashindwi na bei ya pasipoti. Anayeshindwa ni mwenye magunia mawili ya karoti.

Naye asipopata karatasi haachi kwenda. Anapita njia za panya. Anapakiwa kwenye bodaboda usiku, taa imezimwa, na mtu aliyemjua jioni ile. Jina lake halimo kwenye daftari la nchi yoyote. Akiporwa hawezi kwenda polisi, maana swali la kwanza ni aliingiaje. Akikamatwa ana kesi ya kuingia nchini kinyume cha sheria. Akiwa mwanamke, mabaya yanayoweza kumpata njiani hayahitaji kuelezwa hapa. Wanaotuambia masharti magumu ndiyo usalama watuoneshe huyu amelindwa na nini.

Hatujasahau kuwa majirani hawa wana historia ya kununiana. Mpaka ulifungwa Februari 1977 ukafunguliwa Novemba 1983. Mwaka 2017 tulichoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya. Machi 2021 wao wakazuia mahindi yetu kwa madai ya sumukuvu, kisha wakalegeza siku chache baadaye. Julai 2025 tukawafungia wageni biashara 15, saluni na uwakala wa fedha za simu zikiwemo, na Nairobi ikalalamika. Mei mwaka huo huo Martha Karua, wakili aliyewahi kuwa waziri wa sheria wa Kenya, alirudishwa kutoka uwanja wa ndege Dar es Salaam alipokuja kufuatilia kesi ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu. Kwa hiyo kadi peke yake haitamaliza kila kitu. Anayezuiwa mpakani, awe wakili au muuza hoho, apewe sababu kwa maandishi.

Mpaka wakubwa waafikiane, msafiri ajilinde mwenyewe. Hati ya dharura ichukuliwe Uhamiaji. Vishoka wa stendi wasikudanganye kuwa wana njia ya mkato. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa, ibebe. Muhuri wa mgeni si kibali cha kazi, hata kama mwenye duka ni shemeji yako. Na ukiwa dirishani usikimbilie basi kwa sababu kondakta anapiga honi. Fungua hati, soma tarehe na idadi ya siku ulizopewa. Kosa likionekana pale pale, afisa anaweza kulirekebisha. Likionekana ukiwa Mombasa, ni wewe utakayetakiwa kujieleza.