Utafiti wa Kisukari Hauandikishwi kwa Amri

Askari aliyefunzwa vema hapigi risasi gizani. Hutafuta kwanza habari za adui: idadi yake, silaha zake na njia anazopita. Katika vita dhidi ya ugonjwa wa kisukari, habari hizo hupatikana kwa majaribio makubwa ya tiba, ambamo wagonjwa kwa maelfu hugawanywa kwa kura, baadhi wakapewa dawa inayopimwa na wengine wasipewe, kisha wote wakafuatiliwa kwa miaka. Swali tunalolileta leo mbele ya ndugu zetu wa majeshi na polisi ni hili: wagonjwa hao waandikishwe kwa njia gani?

Huenda msomaji akauliza kwa nini wahitajiwe watu wengi kiasi hicho. Jibu limo katika jaribio la Uingereza liitwalo ASCEND, lililotoa matokeo yake mwaka 2018. Watu 15,480 wenye kisukari walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka saba, nusu yao wakimeza aspirini kila siku na nusu wakimeza kidonge kisicho na dawa. Katika kila watu 1,000, aspirini iliwaepusha 11 hivi na shambulio la moyo, kiharusi na mengineyo ya jamii hiyo. Lakini wapatao 9 zaidi walipatwa na kutoka damu kwa hatari. Faida na hasara zilikaribia kulingana. Laiti wangepimwa watu 200 tu, jambo hilo lisingeonekana kamwe, na madaktari wangeendelea kubahatisha.

Hata hivyo, aghalabu majaribio ya namna hiyo yamefanywa mbali na Afrika. Lile mashuhuri la Uingereza lililoanza mwaka 1977 na kutoa matokeo mwaka 1998, ambalo lilithibitisha kwamba kudhibiti sukari huokoa macho na figo, liliwaandikisha wagonjwa 5,102. Wenye asili ya Kiafrika kutoka visiwa vya Karibi walikuwa kama 8 tu katika kila 100. Je, kisukari cha huko ndicho cha kwetu? Mwaka 2025 watafiti waliowachunguza vijana wenye kisukari wa Uganda, Kamerun na Afrika Kusini, waliokuwa wakihesabiwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, waligundua kuwa takriban theluthi mbili yao hawakuwa na alama katika damu zinazotambulisha ugonjwa huo kwa kawaida. Ni dhahiri kwamba asiyehesabiwa katika utafiti hutibiwa kwa hesabu za wengine.

Sasa tutazame Nkungu, katika milima ya Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya Cyangugu. Uingereza wagonjwa wa ASCEND waliandikiwa barua, na dawa wakapelekewa kwa posta. Njia hiyo haifai kwa mkulima wa Nkungu. Yeye atafikiwa na mshauri wa afya wa kijiji chake, ambaye anamfahamu, na kwa lugha anayoiota usiku. Nauli yake ilipwe, na siku ya shamba ihesabiwe kuwa ni mali. Jambo hili linawezekana. Mwezi Desemba 2019, Ebola ilipokuwa ikiua ng'ambo ya mpaka huko Kongo, ilianzishwa programu ya chanjo iliyoitwa UMURINZI, yaani mlinzi, kwa wakazi wa Rubavu na Rusizi. Chanjo hiyo ilikuwa bado katika utafiti, na zaidi ya watu 200,000 waliipokea.

Lakini mtu mwenye sare ana hatari yake mwenyewe. Amri ni uhai wa jeshi. Bila amri hakuna kikosi. Kwa sababu hiyo hiyo, askari aliyezoea kuitika "ndiyo, afande" hawezi kukataa kwa urahisi wakati mkubwa wake amesimama mlangoni. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, linawataka madaktari wajihadhari na ridhaa ya mtu aliye chini ya mwingine. Dunia ilikwisha kuonja uchungu wa kinyume chake: kule Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila kuambiwa ukweli na bila penisilini, ili watazamwe tu jinsi ugonjwa unavyokwenda.

Kwa hiyo tunasema wazi. Kamanda asiandikishe kikosi chake, wala asiwepo askari wake anapoulizwa. Orodha ya waliokubali na waliokataa isifike mezani kwake, wala isiguse cheo au safari ya mtu. Aliyeingia awe huru kutoka siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida yaendelee. Akidhuriwa na dawa, atibiwe bila malipo. Na jaribio likionyesha kuwa dawa inafaa, watu wa Nkungu wasiwe wa mwisho kuipata.

Kwa upande wa pili, uhuru wa kukataa usigeuzwe kuwa kisingizio cha kujificha. Wapo askari wanaokojoa mara kwa mara usiku, wana kiu isiyokatika, wanapungua mwili, lakini hawaendi kupima kwa kuogopa kuonwa dhaifu. Mtu huyo hana hiari ya kweli, maana hajui hata anachochagua. Ni juu ya wakubwa kuhakikisha kwamba askari anayejipima hapotezi heshima yake.

Ndugu askari na polisi, pimeni kwanza. Kisha, mkiitwa kwenye utafiti, ulizeni maswali yote, mkubali au mkatae kwa akili zenu wenyewe. Mlinzi wa nchi hapotezi haki ya kuulinda mwili wake.