Jicho kwa Shilingi Elfu Saba



Habari za serikali na za mitambo hutufikia sisi wa Ewuaso Kedong kama mvua ya huku: huchelewa, kisha huja zote kwa mpigo. Kuchelewa huko kuna faida yake. Habari ni kama samaki. Akipoa ndipo miba yake huonekana vizuri. Kwa hiyo Ijumaa hii tumependa kuzirudia habari tatu zilizotokea katika juma moja, mwishoni mwa Julai 2023. Magazeti yaliziweka katika kurasa mbalimbali kana kwamba hazijuani. Sisi twaziona kuwa ni ndugu wa tumbo moja.

Habari ya kwanza ni ya tarehe 24. Siku hiyo mradi uitwao Worldcoin, ulioasisiwa na Sam Altman na wenzake, ulizinduliwa rasmi duniani. Wasimamizi wake walikuwa na mtambo wa duara, wenye kung'aa kama sufuria mpya, ambao kazi yake ni kupiga picha ya mboni ya jicho la mwanadamu. Mwenye kukubali kupigwa alipewa sarafu 25 za kidijitali, ambazo siku zile zilikaribia thamani ya shilingi 7,000. Katika jumba la KICC jijini Nairobi watu walipanga foleni tangu alfajiri, wengine wakiwa na watoto mgongoni, na runinga zikatuonyesha foleni hiyo asubuhi na jioni. Baadhi ya waliokuwa hawajasikia walisikia hapo, nao wakaenda kujipanga.

Habari ya pili ni ya tarehe 27. Serikali ilikiri kwamba jukwaa lake la eCitizen limeshambuliwa na wadukuzi. Kumbukeni kwamba hata mwezi haukuwa umetimia tangu Rais alipotangaza kuwa huduma zaidi ya 5,000 zimehamishiwa humo, chini ya jina la Gava Mkononi. Mkono ukapigwa ganzi. Wasafiri wakakwama, na wenye kutaka vyeti wakaambiwa wasubiri. Tulihakikishiwa kwamba hakuna taarifa iliyopotea, nasi tukashukuru, ingawa aliyeibiwa nakala ya ufunguo naye ufunguo wake bado anao.

Habari ya tatu ndiyo iliyopata nafasi ndogo kabisa. Katika siku hizo hizo, huko Kilifi, jamii ya Wapemba ilitambuliwa rasmi kuwa raia wa Kenya. Hawa ni wavuvi ambao wazee wao walivuka kutoka kisiwa cha Pemba miongo mingi iliyopita. Wamezaa, wamezika na wamevua katika pwani yetu, lakini bila kitambulisho. Na asiye na kitambulisho hapati leseni ya uvuvi kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, wala hasajili laini ya simu. Hata pesa ya samaki wake mwenyewe ilimbidi aipokee kwa simu ya mtu mwingine.

Sasa ziwekeni habari hizi pamoja. Mtambo wa kigeni ulikuwa ukimtambua mtu kwa dakika chache, wala haukumuuliza babu yake alizaliwa wapi. Serikali ya mtu mwenyewe ilihitaji miaka mingi kumtambua mvuvi ambaye hata maafisa wake walikuwa wakinunua samaki kwake. Kijana wa Lamu, wa Garissa, au Mnubi wa Kibra, anajua maana ya kuketishwa mbele ya jopo la upekuzi na kutakiwa alete kitambulisho cha baba, cha babu, na shahidi wa ziada, huku mwenzake wa kaunti nyingine akichukua chake kama anayenunua mkate. Mpaka Februari 2025 ndipo Rais alipotangaza kuuondoa upekuzi huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Alhamdulillahi. Tunaomba tangazo hilo lifike pia kwenye dawati la afisa wa mwisho, maana safari ndefu ya tangazo lolote ni ile ya kutoka jukwaani hadi dawatini.

Kuna waliowacheka watu wa foleni ya KICC. Sisi hatukucheka. Shilingi 7,000 ni kodi ya chumba, ni karo, ni unga wa miezi kadhaa. Mwenye njaa huulizwa amelishwa na nani. Haulizwi kwa nini amekula. Lakini bei yenyewe tuna neno nayo. Katika fiqhi ya biashara tumefundishwa kwamba mauzo hayasihi ila kwa ridhaa, na kwamba kuuza kisichojulikana ni gharar. Mfano wa wanavyuoni ni samaki aliye bado majini na ndege aliye angani. Mifano hiyo yote ilikuwa ya mnunuzi asiyejua anunuacho. Zama zetu zimeleta jambo jipya: muuzaji asiyejua auzacho. Wengi waliotoka KICC wakiulizwa wamepewa nini walijibu mara moja. Wakiulizwa wametoa nini, walitazamana.

Majirani zetu Wamasai wana elimu katika jambo hili. Ng'ombe hutiwa alama sikioni au kwa chuma cha moto, na kila ukoo una alama yake, ili mnyama akipotea ajulikane ni wa nani. Mzee mmoja wa hapa, alipoelezwa habari ya foleni ile, aliuliza swali moja tu: alama hiyo ni ya ukoo gani? Hatukuwa na jibu la kumpa.

Tarehe 2 Agosti 2023 Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, aliusimamisha mradi ule. Bunge likaunda kamati, kamati ikaandika ripoti. Kisha tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba taarifa zile zilichukuliwa kinyume cha sheria, kwa kuwa hapakufanywa kwanza tathmini ya madhara, na ridhaa ya watu ilivutwa kwa pesa. Ikaamuru zifutwe katika muda wa siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Hakimu hakutaja gharar, lakini mwenye kusoma hukumu ile akiwa ametoka madrasa ataona njia anayoijua.

Ila tusiisifu serikali kupita kiasi. Mwaka 2019 ni yenyewe iliyotupanga foleni za Huduma Namba, ikichukua alama za vidole na picha za nyuso. Mahakama Kuu mnamo Januari 2020 iliikataza kuchukua vinasaba na mahali mtu anapokaa kwa kipimo cha setilaiti, na miongoni mwa waliokwenda mahakamani walikuwa ni Wanubi. Oktoba 2021 mahakama ikaubatilisha utoaji wa kadi zake kwa sababu hiyo hiyo ya kukosa tathmini ya madhara. Basi kosa alilofukuziwa mgeni mlangoni, mwenye nyumba alikuwa amelitenda sebuleni.

Wala jambo si la jana. Wakoloni walipitisha sheria ya kipande mwaka 1915, na baada ya vita mwanamume Mwafrika akalazimika kubeba karatasi ya alama za vidole ndani ya kikebe cha chuma alichokining'iniza shingoni. Kikebe kiliondoka, jina la kipande likabaki katika vinywa vya wazee. Mama zetu hawakuandikishwa kabisa mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Kwa hiyo bibi zenu wengi waliishi nusu ya umri wao pasi na serikali kujua majina yao, na ilhali kila nyumba mtaani iliwajua.

Mafundisho yetu yana mlango katika suala hili. Katika Surat an-Nur tumeamrishwa kutoingia nyumba za watu ila kwa idhini na salamu. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alibainisha kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Yaani kinacholindwa si mlango wa mbao, ni siri iliyo ndani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa lugha yake kavu, inasema jambo la jirani: anayetaka taarifa zako apige hodi, aseme yeye ni nani, anazitakia nini, na wewe una haki ya kumkatalia. Taarifa za mtoto hazichukuliwi bila idhini ya mzazi au mlezi.

Basi, mama na dada zetu, hodi hiyo ianze kwetu. Bawabu wa jengo ana daftari ambamo tunaandika jina, nambari ya kitambulisho na ya simu, na anayefuata husoma yote yaliyoandikwa juu yake. Si vibaya kuuliza daftari hilo huenda wapi likijaa. Mnamo Septemba 2023 skuli moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Madrasa zetu nazo hupenda kutangaza Maulidi na mitihani kwa picha za watoto. Waalimu na waombe idhini kabla, kwani hazina ya madrasa tunaijua sote. Na picha ya binti aliyelala, ambayo shangazi ameirusha kwa watu 200 wa kikundi cha WhatsApp, hiyo haina mahakama ya kuamuru ifutwe kwa siku saba.

Atakayekuja kesho na mtambo mwingine hatakuja na duara la fedha, maana hilo tumeshalijua. Atakuja na zawadi, bahati nasibu, au msaada wa Ramadhani. Muulizeni alilouliza yule mzee: alama ni ya ukoo gani? Akikosa jibu, kuna chai. Anywe, aende salama.

Wabillahi tawfiq.