KARANI ALIYEKUWA WAZIRI MKUU

Ndugu wanachama, twapenda kuwakumbusha habari za marehemu Bwana Rashidi Mfaume Kawawa, aliyesoma katika Shule ya Serikali hapa hapa Tabora, kisha akashika kazi ya ukarani kama sisi. Yafaa tumtazame kwa macho mawili: jicho la shukrani na jicho la busara.

Alizaliwa upande wa Songea mwaka 1926. Akiwa mtumishi wa Serikali, wenzake walimpa kuongoza chama cha watumishi Waafrika. Na mwaka 1955, vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilipoungana kuwa Shirikisho moja, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza. Wakati ule Serikali ya Kiingereza iliwakataza watumishi wake kuingia TANU. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini Bwana Kawawa aliuacha mshahara wa kila mwezi, akaifuata siasa isiyokuwa na ahadi ya malipo. Kwa hayo twamshukuru.

Tarehe 22 Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu, Bwana Kawawa alikishika kiti cha Waziri Mkuu. Hapo ndipo penye somo letu. Mwaka ule ule ilipitishwa sheria ya kuamua magomvi ya kazi, nayo karibu iufunge kabisa mlango wa mgomo. Sheria nyingine ikawazuia watumishi wa Serikali wenye mishahara mikubwa wasiingie katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1964 Shirikisho lile alilolitumikia likavunjwa, pakawekwa chama kimoja, NUTA.

Hatusemi kwamba aliwageuka wenzake. Nchi ilikuwa changa na maskini. Aliyeketi juu alitazama hazina ya wote, na karani alitazama bei ya unga na karo ya mtoto. Wote wawili waliona kweli. Lakini twasema hivi: kiti humbadili mtu macho, hata akiwa mwema.

Basi chama kisidhani kwamba kazi yake imekwisha siku mwenzetu apandapo cheo. Siku hiyo ndiyo ya kuitunza zaidi daftari ya wanachama, kulipa ada, na kuhudhuria mkutano. Naye aliyepanda aandikiwe barua ya adabu na ya wazi, kama aandikiwavyo mkubwa mwingine yeyote.

Bwana Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Mwenyezi Mungu amrehemu, nasi atujalie ushujaa wake wa kuondoka kitini haki inapotuita.