MTOTO WA BAHARI ASIYEIJUA BAHARI

Si jambo la siri, ndugu wanachama, ya kuwa visiwa vyetu vimekuwa chuo cha walimwengu. Kila mwaka huja watu kutoka nchi za mbali, tena kwa gharama kubwa, kutazama matumbawe yetu, misitu yetu na wanyama wetu. Mgeni hushuka kiwanja cha ndege leo, na kesho kutwa keshavaa miwani ya kuzamia, yumo majini, anaonyeshwa na kuelezwa. Akirejea kwao huwasimulia wanawe. Wala hatumhusudu, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini twauliza swali moja, na twaliuliza kwa uchungu: mtoto wa Makunduchi, wa Nungwi, wa Kojani na wa Wete, ambaye bahari hiyo ni yake kwa urithi, ameonyeshwa lini?

Hivi karibuni tulizungumza na mwalimu mmoja wa skuli ya shamba, ambaye hatumtaji jina wala hatuitaji skuli yake, maana kosa si lake. Anasomesha elimu ya viumbe katika darasa ambalo madirisha yake yaelekea baharini. Maji yakijaa hubidi apaze sauti ili asikilizane na wanafunzi. Mwalimu huyu hulitoa tumbawe bukuni akalichora ubaoni kwa chaki, wanafunzi wakalichora madaftarini, na mtihani ukija wakalichora tena. Tulipomwuliza kama amepata kuliona tumbawe lililo hai chini ya maji, alicheka kwa haya, akasema: "Nitaliona wapi, ndugu zangu? Kuogelea sijui, na tangu nilipokuwa mwanafunzi hadi leo nilipo mwalimu, hapana aliyewahi kunichukua." Hayo ndiyo maneno yaliyotutia kalamu mkononi.

Twasema wazi: kuyajua maumbile ya visiwa hivi, kwa macho na kwa mikono na si kwa chaki peke yake, ni haki ya kila mwanafunzi na ya kila mwalimu. Si sadaka ya mfadhili, wala si bahati ya skuli iliyo karibu na njia kuu. Na twasema zaidi: pasipo haki hiyo, hapana sheria ya uvuvi wala mlinzi wa msitu atakayeviokoa visiwa hivi, kwani mtu hakilindi asichokijua.

Wako watakaosema kuwa hayo ni maneno matamu tu. Basi na waende Pemba wakamtazame popo. Popo wa Pemba, yule mkubwa alaye matunda, hapatikani po pote duniani ila katika kisiwa hicho na vijisiwa vyake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa amewindwa kwa nyama, na misitu aliyokuwa akilala imekatwa, hata ikakhofiwa kuwa atatoweka kabisa. Ni kitu gani kilichomwokoa? Si bunduki ya askari wala jela. Wananchi walielezwa, watoto wakafunzwa, na vijijini zikaundwa jumuiya za kuyalinda malazi yake, kama pale Kidike. Watu wakafahamu kuwa yule waliyemwona ni kitoweo ndiye mpanzi wa msitu, maana huchukua mbegu na chavua kutoka mti hadi mti usiku kucha bila ya kudai ujira. Hesabu ya mwaka 2007 ilikuta popo wapatao 20,000. Huo ndio ushahidi wetu wa kwanza, nao umening'inia mitini kwa kila mwenye macho.

Ushahidi wa pili uko Chumbe, kile kisiwa kidogo chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904. Mwamba wake wa upande wa magharibi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na wavuvi waliokuwa wakivua maji hayo ndio waliofunzwa wakawa walinzi na waongozaji wake. Sehemu ya fedha zinazolipwa na wageni hutumika kuwapeleka wanafunzi na walimu wa skuli zetu kisiwani, wakavishwa miwani na maboya, wakaingia majini. Walioshuhudia watoto hao wanajua jinsi nyuso zao zilivyo watokapo. Mtoto aliyekuwa akidhani matumbawe ni mawe tu, ya kuchomea chokaa na kujengea ukuta, hutoka akijua kuwa ni viumbe hai, kuwa ndani ya kila kijumba mna mnyama mdogo, na kuwa maji yakizidi joto mnyama huyo hupauka na huenda akafa, kama ilivyotokea katika bahari yetu mwaka 1998 na tena mwaka 2016. Mtoto huyo hatapiga nanga juu ya tumbawe maisha yake.

Ushahidi wa tatu uko Jozani, msitu uliofanywa hifadhi ya taifa pamoja na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004. Kima punju asili yake ni Unguja peke yake. Wazee wetu walimwita punju, yaani sumu, na wakulima wengi waliamini kuwa mti alioula hufa. Leo mtoto akipelekwa Jozani ataelezwa jambo la ajabu kuliko hadithi hiyo: kuwa kima huyu hula majani ya miembe na mikungu yenye vitu vizito tumboni, kisha hutafuta makaa yaliyoachwa na wachoma makaa akayala, nayo makaa huivuta ile sumu. Nani aliyemfundisha dawa? Swali kama hilo huamsha akili ya mtoto kuliko kurasa kumi za kukariri.

Na wa nne ni Misali, upande wa magharibi wa Pemba, ambako hifadhi ilianzishwa mwaka 1998. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alipowaomba wavuvi msala wakakosa, alisema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa chaelekea Kibla. Pale wavuvi walizungumzishwa kwa lugha waliyoizoea, ya amana na ya kuharamisha ufisadi katika ardhi, nao walisikia. Kwa hiyo, tusemapo walimu, tusiwasahau walimu wa vyuoni. Mtoto wetu husoma skuli asubuhi na chuoni jioni. Jambo linalofunzwa mahali pote pawili hukaa moyoni.

Basi, hatusemi kuwa hapana lolote linalofanywa. Twasema kuwa yanayofanywa ni taa chache katika nyumba yenye vyumba mia, na kwamba aghlabu taa hizo ziliwashwa na jumuiya, na wafadhili, na fedha za wageni. Fedha za mgeni hukatika. Tuliona katika mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowazuia wageni, jinsi mahoteli yalivyofungwa na mapato yalivyokauka. Je, ni busara elimu ya watoto wetu kuhusu nchi yao itegemee ndege ya mtalii?

Tunajua hoja itakayoletwa mbele yetu: kuwa mwenye njaa haambiwi khabari za matumbawe. Hoja hii twaiheshimu, kwa sababu wengi katika sisi ni wavuvi na wakwezi na akina mama wa mwani, na njaa twaijua kwa jina. Lakini na tutazame pweza. Pweza hukua kwa kasi kubwa mno, na umri wake wote ni kama mwaka mmoja hivi. Wanakijiji wa mahali kama Kisiwa Panza na Kizimkazi walipokubaliana kuufunga mwamba wao kwa miezi michache kisha kuufungua, walivuna pweza wakubwa kuliko waliowazoea. Hawakuacha kula, walijifunza lini pa kula. Elimu ya maumbile si starehe ya mwenye kushiba, bali ni hesabu ya mwenye njaa.

Aidha, tangu mwaka 2020 masikio yetu yamejaa maneno ya uchumi wa buluu. Neno ni zuri. Lakini uchumi wa bahari utaendeshwa na watu waijuao bahari. Watakaopima maji, watakaohesabu samaki, watakaoongoza wageni, watakaotafuta mbegu ya mwani isiyokufa kwa joto, watatoka wapi? Ikiwa mtoto wetu hakufunzwa, kazi hizo zitashikwa na wengine, naye atabaki kubeba mizigo yao kutoka chomboni hadi hotelini. Hilo ndilo lililo hatarini, ndugu wanachama. Si uzuri wa samaki tu.

Na liko jambo zito kuliko kazi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe. Tulizika mamia. Hatusemi kuwa kuogelea peke yake kungaliwaokoa wote. Mambo hayo yana wenye dhamana yao. Lakini ni aibu kwa watu wa visiwa kuwa watoto wao wengi, na khasa wasichana, hukua mita mia kutoka ufukweni wasijue kuelea. Mwenye kuyaogopa maji hawezi kuyasoma. Kumfunza mtoto kuelea, kwa stara na kwa walimu wanawake kwa wasichana, ndio mlango wa elimu yote tunayoitaka.

Hapa hatuna budi kujitazama na sisi wenyewe kabla ya kuwatazama wengine. Ni nani akatae mikoko usiku akaiuza boriti? Ni nani avutaye juya juu ya nyasi za bahari akakokota na vifaranga? Wamo majirani zetu, na huenda wamo wanachama wetu. Chama kisichowaambia ukweli watu wake hakina haki ya kuidai Serikali ukweli.

Kwa hivyo haya ndiyo tunayoyataka, nayo si makubwa.

Kwanza, mwalimu atangulie. Asitoke mwalimu ye yote chuoni kabla ya kukanyaga mwamba, mkokoni na msituni pamoja na mtu ajuaye, na walio makazini wapewe nafasi hiyo wakati wa likizo. Mwalimu mmoja aliyeona huwafunza watoto kwa miaka thelathini.

Pili, kila darasa liwe na siku zake za nje, ziandikwe katika ratiba kama hesabu ilivyoandikwa. Wala tusiambiwe kuwa hapana fedha za mashua. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, na ni neema ya Mungu kuwa katika pwani zetu maji ya bamvua hupwa katikati ya asubuhi, karibu na saa nne, watoto wamo skulini. Bahari yenyewe hufungua darasa lake bila ya ada. Linalotakiwa ni mwalimu na ruhusa ya kutoka mlangoni.

Tatu, pawe na buku la Kiswahili la viumbe vya visiwa hivi, lenye majina tuyatumiayo: changu, tasi, chewa, pono, kolekole. Mtoto anayemjua pono kwa mamaye jikoni asilazimishwe kumsoma kama mgeni kwa jina asiloweza kulitamka.

Nne, wavuvi wazee, waganga wa miti na akina mama wa mwani waitwe skulini wafundishe, tena walipwe kwa siku zao. Elimu waliyo nayo haikuandikwa, na kila tuzikapo mmoja wao twazika maktaba.

Tano, yote haya yatengewe fungu katika bajeti ya nchi, yasiachiwe huruma ya mgeni.

Wala matawi yetu yasikae yakingoja. Kila tawi lililo pwani lina mvuvi mzee, lina mwalimu, na lina watoto. Bamvua lijalo, baada ya kupata ridhaa ya wazee na ya mwalimu mkuu, wachukueni watoto mwambani, wa wanachama na wasio wanachama, maana bahari haiulizi kadi. Waonyesheni, waulizeni, waacheni nao waulize. Yule mwalimu wa chaki tuliyemtaja tayari ametuahidi kuwa atatoka na darasa lake, ijapokuwa mwenyewe atasimama maji yalipo magotini.

Samaki mkunje angali mbichi. Wazee wetu walituachia bahari yenye samaki na misitu yenye kivuli, bila ya kuwa na skuli. Sisi tunazo skuli kila mtaa. Tukiwaachia wanetu skuli zilizojaa mabuku na bahari iliyo tupu, watatuuliza tulikuwa tukisomesha nini.