Picha Moja kwa Siku

Hebu ifungue simu yako sasa hivi. Una picha ngapi za harusi za watu, send-off na keki? Mamia, si ndiyo? Haya, tafuta picha ya mwandani wako akipiga pasi, au kasinzia kwenye kochi na rimoti mkononi. Utatafuta mpaka chaji iishe!

Mimi na wenzangu watano, wote wapiga picha wa kujifurahisha, tuna utaratibu wetu. Kila mtu anapiga picha moja kwa siku na kuwatumia wengine kabla ya kulala. Jumapili jioni tunakutana kuzichambua. Sharti ni moja tu: tunakosoa picha, hatumkosoi aliyepigwa. "Kichwa kimekatwa," ruksa. "Shemeji kanenepa," marufuku!

Na tunajifunza kweli. Chukua jua letu la saa 6 mchana. Linapiga utosini, macho yanabaki kivulini, mtu anaonekana kama kagombana na dunia nzima. Subiri saa 11 jioni, au msogeze chini ya mwembe. Ndani ya nyumba, asilipe dirisha mgongo. Kamera ikikuta dirisha linang'aa inapunguza mwanga, na uso unabaki giza. Mgeuze alitazame dirisha, au gusa uso wake kwenye kioo cha simu kisha pandisha mwanga. Kama mmoja wenu ni maji ya kunde na mwingine ni mweusi, mweusi ndiye akae karibu na mwanga.

Najua kuna atakayesema hizo ni mbwembwe za watu wenye nafasi. Basi msikie Jamie Livingston wa New York, Marekani. Tarehe 31 Machi 1979 alianza kupiga picha moja kila siku kwa kamera ya Polaroid, ile inayotoa picha ya karatasi papo hapo. Alipiga chakula, marafiki, mtaa. Miaka 18 hakuacha, hata alipougua saratani. Oktoba 1997 kwenye picha ikaonekana pete, halafu harusi. Tarehe 25 ya mwezi huohuo, siku aliyotimiza miaka 41, alifariki. Marafiki zake walizikusanya, zaidi ya 6,000, na mwaka 2007 zikaonyeshwa Bard College, chuo alichosoma.

Nyingi si picha za kushinda tuzo. Lakini siku za mtu zipo pale, moja baada ya nyingine. Na ile ya pete isingekuwa na uzito wake bila zile siku za kawaida zilizoitangulia.

Rafiki yangu mmoja na mkewe nao wameanza, kwa zamu: leo huyu, kesho yule. Mwezi ulipoisha wakakaa kuzitazama pamoja. Katika picha za mke, mume karibu zote kainamia simu. Katika picha za mume, mke karibu zote yuko jikoni, kampa mgongo. Hakuna aliyefoka, wala hakuna aliyeitisha kikao cha wazee. Kesho yake simu ya mume ikalala chumbani wakati wa chakula, na vyombo akaosha yeye. Maneno ambayo mke alikuwa kayasema mwaka mzima, picha 15 zilimaliza.

Kwa hiyo anzeni. Omba ruhusa kwanza, na akisema hii isitumwe kwa mtu, haitumwi. Usimpange, usimwambie atabasamu. Mwache aendelee na shughuli zake, wewe tafuta mwanga. Ukimtafutia mwanga kila siku, ni lazima umtazame. Na wengi wetu, tuseme ukweli, tunaishi na watu ambao hatujawatazama siku nyingi.

Kazi kwenu. Tukutane mwezi ujao, na kabla hujapiga, futa lenzi!